Je, Wajua? Taa Inayowaka Picha Ikikatika

Je, wajua kwamba picha nyeusi na picha iliyokatika ni mambo mawili, ingawa aliyekaa mbele ya skrini anaona jambo moja? Kamera iliyofunikwa gunia usiku wa manane bado inatuma umeme wenye mpangilio kwenye waya wake. Kamera ambayo waya wake umetafunwa na panya haitumi chochote. Mlinzi hawezi kuzitofautisha kwa macho. Saketi ndogo yenye chipu mbili, transista moja na rilei inaweza, tena bila kusinzia, na leo tunaijenga hapahapa.

Wajua tofauti hiyo inatoka wapi? Katika waya wa video wa zamani, ule wenye plagi ya njano, picha haisafiri peke yake. Kila mstari wa picha hutanguliwa na pigo fupi la umeme linaloiambia televisheni ianze mstari mpya. Hilo ni pigo la ulandanishi. Katika mfumo wa PAL, ambao ndio uliotumika kwa televisheni ya analojia nchini Tanzania, picha nzima ina mistari 625 na picha 25 hupita kila sekunde. Zidisha, upate mistari 15,625 kwa sekunde. Mstari mmoja huchukua mikrosekunde 64, na pigo lake hudumu mikrosekunde 4.7 tu. Onyesha harusi, onyesha mpira, funika lenzi kwa kiganja: pigo linakuja kwa wakati wake uleule.

Wajua ukubwa wake? Ishara nzima, kutoka chini ya pigo hadi weupe kamili, ni volti 1. Volti 0.7 ni za picha, na hizo hupanda na kushuka kadiri mandhari yanavyobadilika. Volti 0.3 zilizobaki ni za pigo, nazo hazibadiliki. Anayetaka kujua kama video ipo au haipo aachane na zile 0.7 azitafute hizi 0.3. Nimeona saketi nyingi za wanafunzi zinazopima wastani wa mwanga wa picha. Zote hupiga kelele filamu inapofika kwenye tukio la gizani.

Je, wajua kwamba mlio mwembamba uliokuwa ukitoka kwenye TV za chogo ulikuwa mlio wa mistari hiyohiyo 15,625? Transfoma ya mistari ilitetemeka kwa kasi hiyo. Watoto waliusikia vizuri. Babu zao hawakuusikia kabisa, kwa kuwa sikio hupoteza sauti za juu kwanza kadiri umri unavyokwenda.

Je, wajua kwa nini jambo hili lina uzito wake Gulwe? Gulwe ni stesheni ya Reli ya Kati wilayani Mpwapwa, mkoani Dodoma, katika bonde la Mto Kinyasungwe. Mvua za mwisho wa Desemba 2009 na Januari 2010 zilipofurika, maji yaliibomoa reli kati ya Kilosa na Gulwe, na treni zikasimama kwa miezi. Mahali pa namna hiyo, kamera ya kutazama daraja inahitajika kuliko wakati wowote usiku uleule ambao maji yanaweza kuung'oa mlingoti wake. Ikizimika kimyakimya, chumba cha waongozaji kinabaki na skrini nyeusi ambayo kila mmoja anaidhania giza la usiku. Kwa maoni yangu, kamera isiyo na kitu cha kutangaza kifo chake ni mbaya kuliko kukosa kamera. Asiye na kamera anajua kwamba hana budi kuchukua tochi akaangalie mwenyewe.

Je, wajua kwamba kazi ngumu ya kuyachambua mapigo tayari imefanywa ndani ya chipu moja ya miguu minane? Ni LM1881, iliyotengenezwa na National Semiconductor ya Marekani, kampuni iliyonunuliwa na Texas Instruments mwaka 2011. Mguu wa 2 unapokea video kupitia kapasita ya mikrofaradi 0.1. Mguu wa 6 unapewa rizista ya kiloomu 680 na kapasita nyingine ya mikrofaradi 0.1, vyote viwili vikishuka ardhini sambamba. Mguu wa 4 ni ardhi, wa 8 ni umeme, na karibu kabisa na huo wa 8 weka kapasita ya tatu ya mikrofaradi 0.1 kutuliza umeme. Mguu wa 1 unatoa mapigo yote kwa pamoja. Mguu wa 3 unatoa pigo la wima tu, lile linalotangaza kwamba mchoro unaanza tena kutoka juu, mara 50 kwa sekunde, kwa kuwa kila moja ya zile picha 25 huchorwa kwa awamu mbili. Wa 5 na wa 7 iache bila kuiunganisha.

Mguu wa 3 ndio tunaoutaka. Binadamu hana haja ya kujulishwa ndani ya mikrosekunde 64 kwamba mstari mmoja umepotea. Isitoshe, chipu hii hulitambua pigo la wima kwa upana wake, hivyo swichi ya jirani au cheche ya radi haiwezi kuliigiza kirahisi.

Je, wajua namna ya kutambua kitu ambacho hakipo? Hapa ndipo utamu wa saketi yote ulipo. Fikiria debe lenye tundu chini yake, na mtu anayelimiminia kata moja ya maji kila baada ya muda. Maadamu anaendelea, debe halikauki. Akiondoka, hahitajiki mtu wa kulimwaga: debe linakauka lenyewe. Chipu ya CD4538 ina vipima muda viwili vinavyofanya hivyo kwa umeme. Kila pigo likifika, kipima muda kinaanza kuhesabu upya. Yakikosekana mapigo mpaka muda ukaisha, mguu wa kutolea unashuka kutoka juu hadi sifuri. Muda wenyewe ni rahisi kukokotoa: rizista mara kapasita. Kiloomu 100 na mikrofaradi 1 vinakupa sekunde 0.1. Kwa kuwa pigo la wima linakuja kila milisekunde 20, lazima yakosekane kama matano mfululizo kabla ya saketi kulalamika.

Sekunde 0.1 zikikuletea kengele za uongo wakati wa radi, panda hadi megaomu 1 upate sekunde nzima. Hapo tumia kapasita ya plastiki. Zile za elektroliti huvuja kidogo, na kwenye rizista kubwa uvujaji huo unaharibu hesabu.

Pigo la LM1881 linashuka kwenda chini, kwa hiyo lipeleke kwenye mguu wa CD4538 unaosikia mshuko, na ule unaosikia mpando uufunge ardhini. Kipima muda cha pili usichokitumia usikiache kikielea: miguu yake ya kuingizia ielekeze ardhini au kwenye umeme. Wanafunzi wengi hulipuuza hili, kisha wakashangaa kwa nini saketi inabadilika tabia ukiisogezea mkono.

Na ile chipu ya 555, inayopatikana kwenye kila droo ya fundi? Inafaa pia. Ilibuniwa mwaka 1971 na Hans Camenzind, Mswisi aliyefanya kazi Marekani, ikaingia sokoni mwaka 1972 kupitia kampuni ya Signetics. Yenyewe haianzi kuhesabu upya, lakini ukiiwekea transista ya PNP ya kuimwaga kapasita kila pigo linapokuja, itafanya kazi ileile. Muda wake ni 1.1 mara rizista mara kapasita.

Je, wajua kwamba taa ya onyo ikifungwa vibaya, saketi yote ni bure? Njia inayomjia mtu haraka ni hii: picha ikipotea, saketi iwashe taa. Lakini jiulize, saketi yenyewe ikifa? Fyuzi ikikatika, transista ikiungua, waya wa umeme ukichomoka, taa haitawaka, na wewe utaamini kila kitu ni salama. Geuza mambo. Video ikiwepo, CD4538 iwe juu, isukume umeme mdogo kupitia rizista ya kiloomu 4.7 hadi kwenye transista ya BC547, na BC547 iishike rilei ikiwa imevutwa. Taa iungwe kwenye upande wa rilei unaogusana wakati rilei imelala. Sasa picha ndiyo inayoizuia taa isiwake. Ikipotea picha, rilei inaachia, taa inawaka. Ikifa chipu, inawaka. Likikatika koili, inawaka. Hata umeme wa saketi ukiondoka inawaka, ilimradi taa ina betri yake ya pembeni. Sharti hilo la betri ya pembeni halina mjadala.

Usisahau dayodi ya 1N4007 kinyumenyume juu ya koili. Rilei inapoachia, koili hurudisha volti nyingi kwa ghafla, na bila dayodi hiyo transista haina maisha marefu.

Je, wajua kwamba reli ilishajua somo hilo tangu mwaka 1872? Mwaka huo Mmarekani William Robinson alipata hataza ya kupitisha umeme mdogo wa betri kwenye reli zenyewe mbili na kuishikilia rilei upande wa pili. Treni ikiingia, magurudumu na ekseli zake huziunganisha reli mbili, umeme haufiki kwenye rilei, rilei inaachia, ishara inakuwa ya hatari. Uzuri wake uko kwingine: betri ikifa, hatari, waya ukikatika, hatari, reli yenyewe ikivunjika, mara nyingi hatari vilevile. Robinson hakuhitaji kubashiri kila aina ya ubovu. Alihakikisha tu kwamba usalama ndio unaotaka umeme, na ubovu wa kila namna unaangukia upande wa tahadhari.

Mwaka huohuo wa 1872, George Westinghouse alitoa breki ya hewa inayofuata fikra ileile: hewa kwenye bomba ndiyo inayoziachilia breki, na hewa ikipotea breki zinafunga. Watu wa Gulwe na wa stesheni jirani za Msagali na Igandu hawahitaji kuelezwa uzito wa breki. Tarehe 24 Juni 2002, treni ya abiria ilirudi nyuma mlimani karibu na Igandu ikagongana na treni ya mizigo, na watu 281 wakapoteza maisha.

Je, wajua kwamba treni za umeme zinazopita Gulwe leo zinaishi kwa kipima muda cha ukimya? Reli ya kisasa kati ya Dar es Salaam na Dodoma, iliyoanza kubeba abiria hadi Dodoma Julai 2024 na kuzinduliwa rasmi tarehe 1 Agosti mwaka huo, imejengwa na mfumo wa ishara wa ETCS wa ngazi ya 2. Ndani ya mfumo huo, ruhusa ya kwenda mbele humfikia dereva kwa redio. Kompyuta ya treni huhesabu muda tangu ujumbe wa mwisho halali, na ukimya ukipita kiwango kilichowekwa inaweza kufunga breki yenyewe. Ni kazi ya CD4538 yetu, kwenye treni ya kilomita 160 kwa saa.

Je, wajua kwamba Zanzibar iliwahi kuwa na watu ambao kazi yao ilikuwa kusubiri kupotea kwa ishara? Tunguu, Unguja, palikuwa na kituo cha NASA cha kufuatilia vyombo vya angani vya mradi wa Mercury. Mwanaanga John Glenn alipoizunguka dunia tarehe 20 Februari 1962, kituo hicho kilikuwa miongoni mwa vile vilivyosikiliza. Chombo kilichomoza upande mmoja wa upeo na kuzama upande wa pili baada ya dakika chache, kwa hiyo mafundi walijua mapema saa ya kuipata ishara na saa ya kuipoteza. Ikipotea kwa wakati wake, ni kawaida. Ikipotea kabla, ni jambo. Ukijenga kitambuzi cha kamera inayozimwa makusudi kila asubuhi, kipe saa ya ukutani, la sivyo watu watazoea kengele, na siku ya kweli hakuna atakayeinua kichwa.

Je, wajua kwamba kitambuzi chenyewe kinaweza kuiharibu picha unayoilinda? Waya wa video unataka omu 75 mwishoni mwake, mara moja tu. Ukiweka omu 75 kwenye televisheni na nyingine 75 kwenye saketi yako, ishara ya volti 1 inashuka hadi karibu 0.67, na picha inafifia. Usipoweka popote, inapanda kuelekea volti 2 na picha inaungua kwa weupe. Chomeka kitambuzi kwa kiunganishi cha T, uache televisheni iwe na omu 75 zake. LM1881 inavuta umeme mdogo mno, hutaona tofauti. Chipu hii inaanza kuelewa ishara kuanzia volti 0.5, kwa hiyo waya mrefu uliochoka unaweza kuiwasha taa kabla picha haijapotea machoni. Binafsi naona hiyo ni faida.

Waya wenye kelele una dawa yake pia. Tia rizista ya omu 620 kabla ya kapasita ya kuingilia, na kapasita ya pikofaradi 510 kutoka hapo hadi ardhini. Kichujio hicho hukata kila kilicho juu ya kilohezi 500 hivi, rangi ikiwemo, na mapigo yanabaki.

Je, wajua kwamba betri ya sola inaweza kuua LM1881 mchana kweupe? Betri tunayoiita ya volti 12 hupita volti 14 inapochajiwa na jua kali la Dodoma. LM1881 imeandikiwa volti 5 hadi 12. Weka kidhibiti volti cha 7805 katikati, chipu zote zipate volti 5, na rilei ya volti 12 uiunge moja kwa moja kwenye betri.

Je, wajua kwamba kwenye kibanda umiza saketi hii inaweza kukaa kimya huku watazamaji wakipiga kelele? Dishi linapopoteza setilaiti, king'amuzi hakinyamazi. Kinachora kibao chake cha kusema hakuna ishara na kukituma kwa televisheni kwenye video safi kabisa, yenye mapigo 50 kwa sekunde. Rilei inabaki imevutwa. Ving'amuzi vingi vya dishi dogo hutumia masafa ya Ku, kati ya gigahezi 10.7 na 12.75, na matone makubwa ya mvua huyameza mawimbi hayo. Ndiyo maana mpira hukatika wakati wa dhoruba. Saketi yetu inalinda waya kati ya chombo na chombo. Kinachotokea angani kinapaswa kupimwa kwenye king'amuzi chenyewe.

Je, wajua jinsi umri wa televisheni ya analojia ulivyokuwa mfupi Tanzania Bara? Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970. Bara ilisubiri hadi mwaka 1994. Dar es Salaam ikazimiwa mitambo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, na Dodoma ikafuata mapema mwaka 2013. Haikutimia hata miaka ishirini. Mapigo hayakufa pamoja na minara: yako kwenye ving'amuzi vyenye plagi ya njano na kwenye kamera nyingi za ulinzi za bei nafuu.

Na HDMI? Humo hakuna pigo la volti 0.3. Pini ya 18 hubeba volti 5 kutoka kwenye chombo kinachotuma, na pini ya 19 ndiyo ambayo televisheni huitumia kujibu kwamba ipo. Kuzisoma hizo mbili ni rahisi, ila zinakuambia kwamba waya umechomekwa na vyombo vina umeme. Hazisemi lolote kuhusu picha.

Je, wajua adui mkubwa wa kitambuzi cha aina hii? Ni picha iliyoganda. Rekoda ya kidijitali ikikwama inaweza kuendelea kutoa picha ya mwisho, safi, yenye mapigo yote, saa nzima. Daraja linaonekana zima kwenye skrini hali maji yameshapita juu yake. Hapa saketi yetu haina msaada; inabidi kompyuta ilinganishe picha na picha. Programu huria ya ffmpeg ina kichujio kiitwacho freezedetect, ambacho kikiachwa kama kilivyo hutangaza mgando baada ya sekunde 2 bila badiliko, na kingine, blackdetect, cha picha nyeusi. Tatizo ni kwamba usiku wa Gulwe wenyewe unaweza kutulia kiasi cha kudhaniwa picha iliyoganda. Wanaofunga kamera wakumbuke kuacha kitu kinachosogea daima kwenye pembe ya picha: saa ya ukutani yenye mshale wa sekunde, au taa ndogo inayomwekamweka. Kisha programu iambiwe iitazame pembe hiyo tu.